Kuhusu Mguu wa Baba na Mishipa Inayooteshwa Maabara

Durham, North Carolina

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Nifikishie salamu kwa Baba na Mama, na ikiwezekana uwasomee barua hii mkiwa mmekaa pamoja, kwa kuwa jambo lenyewe linatuhusu sote. Nimepata ujumbe wako kwamba daktari ameona ateri za mguu wa Baba, yaani mishipa inayopeleka damu mguuni kutoka moyoni, zimeziba chini ya goti kwa sababu ya kisukari, na kwamba mmesikia huku Marekani wanaotesha mishipa mipya ya damu, hivyo mnafikiria kuuza shamba la Muheza ili aletwe kutibiwa. Habari hiyo ni ya kweli, lakini naomba shamba lisiguswe.

Mshipa mliousikia unatengenezwa na kampuni ya Humacyte, iliyo katika mji huu huu ninaoishi. Mwanzilishi wake, Dkt. Laura Niklason, aliianza kazi hii zamani. Mwaka 1999 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya kuotesha ateri maabara kwa seli za wanyama. Siku hizi huchukua seli za misuli laini kutoka ukuta wa mshipa mkuu wa mtu aliyefariki na kutoa viungo vyake, wakazipanda juu ya bomba la nyuzi zinazoyeyuka, kisha bomba hilo likatiwa ndani ya chombo chenye virutubisho, ambamo hutanuliwa na kuachiwa mfululizo kwa kufuata mapigo ya moyo. Msukumo huo ni wa lazima, kwani seli zikitulia tu hazijengi ukuta wenye nguvu. Kwa wiki 8 hivi seli hutoa kolajeni na protini nyingine huku nyuzi zikiendelea kuyeyuka, na mwishowe seli zenyewe huoshwa mpaka zikaisha.

Hatua hii ya kuosha ndiyo iliyonivutia kuliko zote. Kinga ya mwili hushambulia seli za mtu mwingine, lakini ukuta usio na seli unaweza kuwekwa kwa mgonjwa yeyote bila kungoja wa kumfaa yeye peke yake. Kinachobaki ni bomba jeupe kama tambi nene, lenye kipenyo cha milimita 6 na urefu wa sentimita 40 hivi. Likishashonewa mwilini, seli za mgonjwa huingia ndani yake polepole na kufanya makazi humo, kiasi kwamba baada ya miezi mshipa huwa umekuwa hai tena.

Sasa tuje kwa Baba. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliuidhinisha mshipa huu tarehe 19 Desemba 2024 kwa watu wazima waliojeruhiwa ateri za mikono au miguu, pale ambapo kiungo kinakaribia kukatwa na haiwezekani kutumia vena, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, ya mgonjwa mwenyewe. Wamo humo watu wa ajali na wa risasi; hata majeruhi wa vita vya Ukraine waliwekewa. Mguu ulioziba kwa kisukari haumo katika kibali hicho. Tena kibali chenyewe kimeambatana na onyo zito, kwamba mshipa unaweza kupasuka au kuachia pale uliposhonewa, na damu ikamwagika kwa kiasi cha kuhatarisha maisha. Baada ya siku 30, katika asilimia 67 ya wagonjwa waliotathminiwa damu ilikuwa ikipita bila mshipa kuhitaji kuzibuliwa. Kwa mtu ambaye angepoteza mguu siku ile ile, hiyo ni neema kubwa. Kwa Baba, ambaye bado ana njia nyingine, sioni sababu ya kumpeleka huko.

Njia hiyo nyingine ni vena yake mwenyewe, ile ndefu inayopanda kutoka kifundo cha mguu hadi kinenani, ambayo madaktari hapa bado huipa nafasi ya kwanza wanapotaka kuivusha damu sehemu iliyoziba. Mwombeni daktari awape rufaa kwa bingwa wa mishipa ya damu, kisha mumuulize mambo mawili: je, vena hiyo ni nzima, na je, ateri inaweza kutanuliwa kwa puto bila upasuaji mkubwa?

Wakati mkisubiri, Mama amkague nyayo kila jioni, hasa katikati ya vidole, kwa kuwa kisukari humfanya mtu asihisi kidonda. Mguu ukiwa wa baridi ghafla, ukibadilika rangi, au ukiuma hata akiwa amelala, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Na wewe Baba, kwa heshima zote, nakuomba uache sigara. Hakuna mshipa, wa kuzaliwa nao wala wa maabara, usioumizwa na moshi huo.

Nauli ya kwenda kwa bingwa na gharama za vipimo nitazituma mimi. Majibu yakitoka, nipigie picha kila karatasi, hata zile zinazoonekana hazina maana.

Ni mimi mdogo wako,
Rehema