Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mwakilishi wetu: paneli za sola tumeziona, betri je?

Mheshimiwa,

Assalamu alaykum. Natumai hujambo wewe na familia, na kazi za huko Chukwani zinakwenda vizuri. Sisi huku Micheweni tunamshukuru Mungu, umeme umerudi Jumatatu saa sita na robo mchana. Uliondoka Ijumaa, watu wanatoka msikitini magharibi.

Nakuandikia hadharani na naomba radhi kwa hilo. Barua ya kwanza niliipeleka kwa Sheha, kiongozi wetu wa shehia. Ya pili nilimpa kijana wako wa ofisini mkononi, akaniambia "itafika, mama". Ya tatu ilikuwa ujumbe wa simu, ukatoka alama mbili za buluu. Kwa hiyo umeusoma, na kwa kuusoma nakushukuru.

Kama umenisahau, mimi ni yule muuza barafu wa pale dikoni. Siku ya kampeni ulikaa kwenye benchi langu ukanywa juisi ya ukwaju gilasi mbili, ukaligonga friza langu kwa kiganja ukasema mbele ya watu: "Mama, hili litakula jua." Watu walicheka na kupiga makofi. Mimi nilikuamini, na ndiyo khasara yangu.

Nikauza hereni, nikachukua zamu yangu kwenye kikundi cha hisa, nikanunua sola. Paneli mbili za wati 250, inveta ya kugeuza umeme wa betri uendeshe friza, chaja kontrola ya kuilinda betri, na betri kavu moja ya Ah 200, ndiyo kipimo cha umeme inaoweka. Ilikuwa ziwe betri mbili. Fundi wangu ni mwanamke mwenzangu, katika wale akina mama waliopelekwa Kibokwa kule Unguja kufundishwa sola, na aliniambia tangu siku ya kwanza: "Dada, nusu ya betri ni yako, nusu ni ya betri mwenyewe. Ukimla nusu yake naye atakufa mapema." Kwa hiyo betri moja ni nusu betri, na friza haliwezi kulala na nusu betri usiku mbili. Nilimwelewa vizuri sana. Pesa ndiyo haikuelewa.

Sasa sikiliza Ijumaa. Umeme ulipokatika, ndani ya friza mlikuwa na pakti za barafu na ngisi kilo 40 wa jirani yangu mvuvi, wanasubiri gari ya Chake ya alfajiri. Sikubabaika. Nikahamishia friza kwenye inveta, nikalala. Jumamosi mvua ya masika ilianza asubuhi haikukata mpaka usiku, paneli zimekaa juu ya bati kama sinia zilizosahaulika uani. Na hiyo gari ya Chake nayo haikuja, barabara unaijua. Saa nane usiku nikasikia inveta inalia, pii, pii, pii. Nikainuka na tochi ya simu nikaizima mwenyewe, maana kuiacha ni kuiua betri. Nilisimama pale kizani mkono juu ya mfuniko, sitaki hata kufungua baridi isitoke.

Jumapili mchana nilifungua. Ngisi akiharibika hugeuka rangi, anakuwa na wekundu fulani kama aliyeoshwa kwa maji ya rangi, na utelezi wake hubadilika. Kilo 40. Bei yake kwa kilo sina haja ya kukutajia, najua unawala. Jirani hajanidai kwa mdomo. Anapita tu asubuhi, anatoa salamu fupi, na salamu ile ni nzito kuliko deni.

Utaniambia kukatika umeme si kosa lako. Ni kweli. Pemba tunaishi kwa waya mmoja uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, tangu mwaka 2010, na kabla yake tulikuwa na majenereta ya Wesha, tunapewa umeme kwa zamu. Siubezi waya ule, watu tulilia kwa furaha ulipowashwa. Lakini ndugu zetu wa Unguja wanajua waya wa baharini ukiugua inakuwaje: mwaka 2008 walikaa kiza karibu mwezi mzima, kisha wakakaa tena kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu. Mwenye akili akishaona hivyo hutafuta pa kujishikiza. Ndiyo sola. Wewe mwenyewe ndiye uliyetuambia.

Basi nikueleze kilichonikwamisha, na risiti ninayo, nimeitia kwenye mfuko wa nailoni isifutike. Nilinunua mjini. Paneli mbili: kodi, sifuri. Inveta: VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, imeongezwa. Betri: VAT imeongezwa. Hata waya na plagi. Nikamuuliza mwenye duka, akanijibu kwa upole kama mtu aliyeulizwa mara nyingi: "Mama, paneli inajulikana ni ya sola, betri inaweza kufungwa kwenye gari." Labda ndivyo alivyoambiwa bandarini. Labda kajiongezea mwenyewe, wafanyabiashara nao ni watu. Au karatasi ya msamaha ipo na hakuna aliyeishusha kwa wenye maduka. Ninachokijua ni nilicholipa, na fedha niliyoilipa kama kodi juu ya vitu vile, ukiijumlisha na akiba iliyobaki kwenye hisa, ilikuwa inatosha kuanzia betri ya pili.

Paneli ni kitu rahisi kuliko vyote siku hizi. Ukimsamehe mtu kodi ya paneli ukamtoza kwenye betri, umemsamehe ndoo ukamtoza kwenye maji. Jua la Pemba mchana halina shida, shida ni usiku, na usiku unakaa ndani ya betri.

Usinijibu kwamba hayo ni mambo ya Muungano. Ushuru wa forodha ni wa Muungano, hilo nalielewa. VAT ya Zanzibar ina sheria yake, imepita kwenye Baraza lenu lenu, na bajeti inasomwa hapo hapo ulipokaa. Huko Bara sheria yao ya VAT ya mwaka 2014, kwenye orodha ya vilivyosamehewa, inaitaja betri ya sola kwa jina. Kaka yangu yuko Mombasa, anauza vifaa hivi Kongowea, yeye kanisimulia ya Kenya mpaka nikachoka: mwaka 2013 sola ikatiwa VAT, 2014 ikatolewa, 2020 ikarudishwa, 2021 ikatolewa tena. Anasema kila ikirudi wateja wanapotea, au wanakimbilia vile vya bandia vinavyokufa kabla ya mwaka. Huku kwetu vya bandia navyo vipo. Nimeona betri ambayo uzito wake mtoto wa chuoni anaibeba kwa mkono mmoja, imeandikwa 200.

Na sisi Wapemba tusifundishwe habari ya bei na serikali. Karafuu zetu zilikuwa zinavuka usiku kwenda Mombasa kwa magendo, wakawekwa askari kwenye fukwe, zikavuka vile vile. Alipoingia Dk. Shein kuwa Rais wa Zanzibar, mkulima akaanza kulipwa asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, watu wakabeba magunia wenyewe mchana kweupe wakayapeleka kituoni. Hakuna aliyehubiriwa. Hesabu tu ilibadilika. Na hii ya sola ni hesabu hiyo hiyo, semina hatuzihitaji, kofia na fulana zenye picha ya jua hatuzihitaji.

Nilitaka pia nikuulize habari ya umeme unaobaki. Siku za jua kali, saa saba mchana betri yangu imejaa, paneli zinakaa bure mpaka alasiri, na pembeni yake nguzo imesimama na mita inakula pesa yangu ya jioni. Bara wana kanuni tangu 2018 za mtu kurudisha umeme wa ziada kwenye nguzo ukahesabiwa, na Kenya wametunga zao 2024. Lakini hilo liache kwanza. Nisije nikakuzidishia ukapata la kujibu rahisi, ukaacha lenyewe.

Lenyewe ni betri. Sikuombi unilipie ngisi, na unilipie hereni sikuombi. Bajeti ikija, simama, uliza swali moja, dakika mbili: betri ya sola ya mtu wa kawaida inatozwa VAT au haitozwi? Kama haitozwi, jibu liandikwe kwa Kiswahili libandikwe kwenye maduka na bandarini, ili nami nirudi na risiti yangu. Kama inatozwa, omba iondolewe. Swali moja tu, Mheshimiwa. Hata ukiulizwa umelitoa wapi, sema kuna mama mmoja muuza barafu amekusumbua.

Mwishoni mwa wiki nasikia unakuja kwenye ziara. Karibu sana. Benchi lipo, juisi ya ukwaju itakuwepo pia, ila itakuwa ya moto. Jirani yangu mwenye ngisi nitamwomba akae karibu yako.

Ni mimi, mpiga kura wako,
Mama Barafu
Micheweni, Pemba