Ndugu zangu, acheni kuwalisha wanangu nyama kwa kificho

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako, maana kwa mdomo nimesema mpaka nimechoka, kwenye grupu la ukoo nimeandika nikajibiwa na stika za kucheka, sasa bora niseme hapa labda watanisoma wakiwa wamekwama kwenye foleni. Watoto wangu hawali nyama. Kuku hawali, samaki hawali, na ndiyo, hata dagaa, kwa sababu hilo ndo swali la kwanza la kila mtu, "hata dagaa?", utadhani dagaa anaota shambani. Hawaumwi, hakuna mganga aliyetupa mwiko, wala hatujabadili dini. Ni nyumba tu isiyopika nyama, na ninachoomba ni kimoja, msiwalishe kwa kificho nikigeuka.

Ilianza na baba yao. Gauti ilimshika, kidole gumba cha mguu kikavimba usiku hadi shuka likikigusa anapiga yowe, daktari akamwambia apunguze nyama nyekundu na bia, mwenzangu akaona kupunguza atajidanganya tu, akaacha vyote, baadaye kuku na samaki navyo vikafuata huko huko. Mimi Mbondei wa Muheza, Tanga, kwetu kisamvu cha nazi ni chakula cha heshima na nyama ilikuwa habari ya sikukuu, kwa hiyo sikuwa na cha kulilia. Watoto wakazaliwa wakayakuta hayo. Mayai wanakula, maziwa wanakunywa, hilo naomba lieleweke vizuri maana kuna watu wanahadithia huko kwamba nawalisha majani kama sungura.

Eti wanakula nini? Jamani, hivi tumesahau chakula chetu wenyewe? Asubuhi mbaazi za nazi na chapati, au uji wa ulezi niliousagia karanga, mchana ugali wa dona na choroko au maharage, na matembele pembeni, jioni wali na kunde, Jumapili makande ambayo mkubwa anakula mpaka anafungua kifungo cha kaptula. Bajia za kunde ndo usiseme, naloweka kunde asubuhi, jioni watoto wenyewe wanazisugua kwenye beseni maganda yanaelea juu, tunamwaga, tunasaga na kitunguu swaumu na pilipili hoho, zikiingia kwenye mafuta watoto wa jirani wanajaa mlangoni, na hao nyama wanakula kwao kama kawaida. Shule ya msingi tulifundishwa vyakula vya kujenga mwili, na maharage yalikuwemo kwenye orodha ileile ya nyama na samaki, sijui yalifutwa lini. Mwaka 2017 India ilipoweka ukomo wa mbaazi inazonunua nje, bei ilianguka huku kwetu na wakulima wa kusini wakaumia vibaya, yaani wenzetu wanazitaka mbaazi zetu kiasi kwamba wakifunga mlango mkulima wa Lindi analia, halafu sisi tulioko Dar tunaona mbaazi ni chakula cha mtu aliyekosa.

Na hapo ndo penye kidonda chenyewe. Wengi wanaotusema wanadhani tumefulia. Kuna shemeji yangu mmoja alituma hela kwenye simu na ujumbe "wanunulieni watoto hata nusu kilo", nikamshukuru, nikanunua maziwa na ufuta. Ni kweli kilo ya nyama buchani imeshapita sh 10,000 na sio kila nyumba inaweza, lakini hata ingekuwa sh 2,000 mimi nisingepika. Mjini hapa hapa kuna familia za Kihindu na za Kijaini, pita Kisutu pale kwenye mahekalu uulize, vizazi na vizazi hawajagusa nyama, watoto wao wamekua, wamesoma, wanaendesha maduka makubwa, na sijawahi kusikia mtu akiwaonea huruma kwamba wanadumaa. Wapo na Wasabato wasiokula nyama, na tunakaa nao mtaa mmoja. Ila akiwa ni Mchaga aliyeoa Mbondei, basi ni mateso ya watoto.

Kwenye lishe sitaki kumdanganya mtu. Nesi wa kliniki nilikokuwa nawapeleka hakunifokea, alinihoji kama mpelelezi, wanakula nini, saa ngapi, mayai mangapi kwa wiki, ndo akanieleza mambo ambayo hata wanaonisema hawayajui. Vitamini B12 kwenye mimea haipo, ipo kwenye vitu vya wanyama, kwa hiyo yai na maziwa kwangu sio mapambo, na mzazi asiyetaka hata hivyo inabidi awe na daktari wa kumwelekeza vyakula vilivyoongezewa au vidonge, asibahatishe. Madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga za majani mwili hauyachukui kirahisi kama ya nyama, kwa hiyo maharage nayalowesha usiku kucha na maji namwaga, mezani panakuwa na chungwa au kachumbari yenye ndimu, na chai haikai pamoja na chakula maana chai inazuia hicho chuma kisiingie. Hiyo ya chai ilinishinda kuliko kuacha nyama, mtu wa Tanga kunyimwa chai na mlo wake ni adhabu. Lakini kadi zao zipo, mistari imepanda kwenye kijani, anayetaka kuziona aje azione.

Ninajua pia kwa nini watu wanaogopa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa, na waliokuwa juu kabisa ni Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa inayotulisha nchi nzima. Chakula kuwepo shambani ni kitu kimoja, kufika kwenye sahani ya mtoto ni kingine. Mtoto anayepewa ugali na maji ya mboga kila siku kwa sababu hakuna kingine, huyo anahitaji yai, maziwa, dagaa, chochote kitakachopatikana, na mimi siwezi kwenda kumhubiria mama yake habari za kuacha nyama, nitakuwa nimechanganyikiwa. Siandiki ili watu waniige. Naandika mniachie sahani zangu.

Sasa niseme la Desemba. Wanaojua Wachaga wanajua Desemba tunaelekea wapi, na kule mlimani mbuzi akichinjwa sio kitoweo tu, kila kiungo kina mwenyewe, hiki cha babu, kile cha shangazi, mjukuu akipewa kipande mkononi na babu yake maana yake ametambuliwa. Mwaka wa kwanza mkubwa wangu alipopewa akasema "sili nyama", ukumbi mzima kimya. Mama mkwe, ambaye namheshimu sana, hakuniuliza habari ya protini wala damu, aliuliza tu, "Mwanangu, huyu mtoto anatukataa?" Hapo nikaelewa kwamba tulikuwa tunabishana vitu viwili tofauti, mimi naongea chakula na wao wanaongea undugu. Baba watoto akakaa na mzee wake usiku ule, wakakubaliana mtoto apokee kwa mikono miwili, aseme aika, yaani asante kwa Kichaga, halafu ampelekee binamu yake, na sahani yake iwe ya ndizi zilizopikwa sufuria ya pembeni. Ikaisha. Mama mkwe siku hizi ndo wa kwanza kupiga simu kuuliza maharage aloweke ya siku ngapi. Majirani zetu wa Kiislamu hapa Tabata ni hivyo hivyo, Idi wanaleta nyama, tunapokea kwa mikono miwili na kushukuru, inaenda kwa dada wa nyumba ya nyuma ambaye wanawe wanaila, na aliyeleta anajua na wala hajanuna.

Kwa hiyo wazee sina ugomvi nao. Wanaonitesa ni wa rika langu, wasomi, wenye simu kubwa. Kuna aunti yao mmoja, simtaji, alimvuta mwanangu mdogo jikoni kwenye sherehe, akafunga mlango, akampa mshikaki akamwambia "kula haraka, usimwambie mama". Mtoto wa chekechea huyo. Usiku wakati wa kulala akaanza kulia, sio tumbo, ni kwamba ameambiwa asiniambie na hajui afanyeje. Hebu nisaidieni. Kila siku tunawafundisha watoto kwenye mji huu kwamba mtu mzima yeyote, awe mjomba, awe mwalimu, awe dereva wa skuli basi, akikuambia usimwambie mama, wewe kimbia uje umwambie mama. Tunawafundisha hivyo kwa sababu tunasoma habari kwenye magazeti haya haya. Halafu aunti, kwa ajili ya mshikaki, anakuja kumfundisha mtoto kwamba siri na mtu mzima nyuma ya mlango uliofungwa ni kitu kitamu. Nyama yenyewe haimuui, ningekuwa na hasira ya nyama ingekuwa imeshapoa. Siri hiyo ndo siisamehi.

Wapo pia wasiokuwa na ubaya ila hawasikii. Bethidei mtoto anapewa pilau, namwambia mwenye shughuli watoto wangu hawali nyama, anajibu "usijali", anachukua kijiko anatoa vipande, anabakiza wali uliopikwa na supu ya ng'ombe, anamrudishia. Dada yangu, wali huo ni nyama tayari. Sikudai unipikie sufuria nyingine kwa watoto wawili, mimi mwenyewe nakuja na hotipoti yangu, wewe niachie tu nafasi mezani na usiwatangaze mbele za watu kama wagonjwa. Shuleni nako mwalimu mmoja alimwambia mkubwa mbele ya darasa "ndo maana mwembamba", wakati baba yake na babu yake wote ni wembamba na wamekula mbuzi maisha yao yote. Tukaongea na mwalimu mkuu, siku za nyama jikoni wanamwekea maharage ya jana yake, wala haikuwa kazi kubwa.

Najua swali linalofuata, mbona unawachagulia, je wakitaka? Kwani wewe wa kwako walichagua? Mtoto wa Kiislamu hakuchagua kutokula kitimoto, wako hakuchagua makongoro, kila mzazi anapika anachopika mtoto anakula. Mkubwa yuko darasa la nne, ameshauliza kwa nini, nimemjibu kama nilivyowajibu nyinyi hapa, na nimemwambia akiwa mkubwa na hela yake akataka kuku atakula kuku na mimi bado ni mama yake. Akanijibu anachotaka yeye kwa sasa ni chipsi mayai. Sawa.

Na wewe wifi, najua gazeti hili unalinunua kila Jumapili. Hotipoti yako ya Pasaka bado iko kwangu, njoo uichukue, nitakujazia kisamvu. Na ukitaka kuja na mishikaki yako njoo nayo, ule pale mezani, hadharani, watoto wakikuona, hakuna atakayekufukuza.

Mama wa wawili,
Tabata, Dar es Salaam