Barua kwa Mwanangu: Beji Iliyobaki Msumarini

Ujiji, Kigoma

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku hatujambo. Tangu uliponiambia kwa simu kwamba beji yako ya kupimia mionzi, unayopaswa kuvaa kwenye chumba cha eksirei unakofanya kazi, ilishinda msumarini wiki nzima kwa kuwa "dozi ni ndogo na seli hujirekebisha zenyewe", sijatulia, ingawa nusu ya maneno yako ni kweli.

Ni kweli kwamba DNA ya kila seli, yaani nyuzi mbili zilizosokotana zinazobeba maelekezo ya urithi, hupata hitilafu maelfu kwa maelfu kila siku, hata kwa mtu asiyewahi kupigwa eksirei, na seli huzirekebisha; kwa kuieleza kazi hiyo, wanasayansi Lindahl, Modrich na Sancar walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2015. Uzi mmoja ukikatika, wa pili hubaki kuwa kielelezo. Shida ni pale nyuzi zote mbili zinapokatika mahali pamoja, kwani hapo mara nyingi seli huzikamata ncha na kuziunga tu, kama mvuvi wa hapa mwaloni mwenye haraka, anayepiga fundo bila kuhesabu macho ya wavu yaliyopotea: wavu utavua, lakini si uleule.

Sasa hesabu nawe. Grei moja (kizio cha kupimia mionzi iliyofyonzwa na mwili) hukata nyuzi zote mbili mara 40 hivi katika kila seli. Kwa hiyo miligrei moja, yaani sehemu moja ya elfu ya grei, hukata mara moja katika seli moja kati ya 25. Dozi ikipungua, zinazopungua ni seli zilizojeruhiwa. Jeraha lenyewe ni lilelile. Tena mwaka 2003 watafiti Rothkamm na Löbrich, huko Ujerumani, waliona katika seli za maabara zisizogawanyika kwamba mikato ya dozi ndogo kiasi hicho ilikaa siku kadhaa bila kuungwa.

Sisemi haya ili uwatishe wagonjwa. Picha moja ya kifua haizidi sana milisievati 0.1 (kizio cha kupimia uzito wa madhara ya mionzi; eksirei ya miligrei moja mwili mzima ni milisievati moja), na mzee anayekohoa damu aipigwe leo leo. Lakini yeye hupita mara moja, wewe unashinda katika chumba hicho cha eksirei kila siku, na kikomo chenu cha wastani wa milisievati 20 kwa mwaka hakiwezi kulindwa bila kipimo. (Sisi wa zamani tuliwashika watoto kwa mikono mitupu picha ikipigwa, usituige.)

Jumatatu mweleze msimamizi wako kwamba kipimo cha wiki ile si chako, kabla beji hazijapelekwa kusomwa.

Baba yako