Tutenganishe vifo vya bunduki

Mhariri,

Makala yenu ya kulinganisha mauaji ya bunduki katika nchi mbalimbali ilichanganya mambo mawili. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa risasi Marekani, lakini zaidi ya 26,000 kati yao walijiua. Hao hawakuuawa na majambazi, na kuongeza askari barabarani hakungewaokoa.

Huku Mombasa, magenge ya Kisauni na Likoni yamezoea mapanga. Ukihesabu risasi pekee, utadhani tumelala raha mustarehe!

Naomba gazeti litenganishe mauaji na kujiua, litoe idadi kwa kila watu 100,000, na lidai polisi wachapishe takwimu za kila kaunti, wakiwemo waliopigwa risasi na polisi wenyewe.

Msomaji wenu,
Kongowea, Mombasa