Shule nazo zilinde siri za wanafunzi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache kuhusu usalama wa wanafunzi mtandaoni, hasa wakati huu shule zinapofunguliwa. Kila muhula watoto huonywa wasimpe mtu nywila zao. Onyo hilo ni jema, ila ningependa kujua ni nani anayeionya ofisi ya shule.

Katika kundi moja la WhatsApp la wazazi nililomo, iliwahi kuwekwa orodha ya darasa zima yenye jina la kila mtoto, bweni lake na namba ya simu ya mzazi wake. Tapeli hahitaji zaidi ya hapo. Atampigia mama saa tatu usiku, amtaje mtoto kwa majina yake yote na bweni analolala, adai kwamba ameanguka na anakimbizwa hospitali, kisha aombe pesa zitumwe upesi kwa simu ya matroni. Mzazi anayepata simu kama hiyo na akaweza kuikata, akaipigia shule kwa namba aliyokuwa nayo tangu zamani, ana moyo mgumu kuliko wangu. Lakini hiyo ndiyo njia ya kufuata. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kukusanywa au kutumiwa, na sidhani kwamba aliyeiweka orodha ile aliifikiria.

Maabara ya kompyuta nayo ina yake. Kwa kuwa shule nyingi za bweni haziruhusu simu, mwanafunzi hufungulia barua pepe yake kwenye kompyuta ambayo wenzake wote huitumia. Kompyuta humuuliza kama ihifadhi nywila. Kengele inalia, anabonyeza ndiyo, anakwenda zake bila kufunga akaunti, na anayekuja kukalia kiti hicho anakuta kila kitu wazi. Mwalimu wa kompyuta anaweza kuuzima uhifadhi huo katika mashine zote kwa mchana mmoja, bila kutumia hata shilingi.

Wakati wa likizo huja suala la VPN za bure, yaani programu zinazopitisha mawasiliano kwenye mitambo ya mtu mwingine ili kufikia mitandao iliyofungwa, ambazo vijana wamezizoea tangu Facebook ilipofungwa nchini Januari 2021. Waelezwe angalau kwamba mawasiliano yao yote hupitia kwa mwenye VPN, naye hawamjui.

Nawaomba walimu wakuu wazifute orodha hizo makundini kabla ya kikao cha kwanza cha wazazi, waweke uthibitisho wa hatua mbili kwenye barua pepe ya shule, yaani anayeingia atakiwe nywila na kitu cha pili kama msimbo wa kwenye simu, na wabadilishe nywila walizokuwa wakitumia wahasibu na makarani walioacha kazi, maana baadhi yao bado wanaweza kuingia.

Mzazi,
Mbale