Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Watumiaji wa Umeme wa Maji

Ndugu wanachama,

Katiba yetu inanitaka niwaeleze kila mwaka hali ya mtambo wetu wa kufua umeme kwa maji na hali ya chama kinachoumiliki. Hesabu za fedha zimo katika taarifa ya mhazini ambayo kila mmoja wenu amegawiwa, hivyo sitazirudia. Nitaeleza zaidi jambo lililojadiliwa karibu katika kila kikao cha Kamati, nalo ni nafasi ya mtambo mdogo wa wanakijiji wakati gridi ya Taifa imekwisha kuingia vijijini.

Tangu Sheria ya Nishati Vijijini ilipotungwa mwaka 2005, na Wakala wa Nishati Vijijini (REA) kuanza kazi mwaka 2007, umeme umesambaa kwa kasi ambayo wazee wetu waliochimba mfereji wa kwanza hawakuitazamia. Vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara sasa vinahesabiwa kuwa vimefikiwa, na juhudi zimehamia kwenye vitongoji, ambavyo ni 64,359. Ni kazi kubwa na tunaipongeza kwa moyo wote. Hata hivyo, kijiji kufikiwa si kila kaya kuwa na umeme, kwa kuwa nyaya zinaweza kuishia kwenye shule, zahanati na ofisi ya kijiji huku kitongoji cha ng'ambo ya mto kikiendelea kuwasha koroboi. Wanachama wetu wengi wanaishi katika vitongoji vya namna hiyo, na kwao mtambo huu bado ndio umeme pekee wanaoufahamu.

Baadhi yenu mmeuliza kwa nini tusiiuzie TANESCO, shirika la umeme la Taifa, umeme wetu, kama unavyofanya mradi wa Mwenga wilayani Mufindi, ambao tangu mwaka 2012 unaiuzia gridi na kuvihudumia pia vijiji vinavyouzunguka. Mwenga una megawati 4. Utaratibu wa wazalishaji wadogo ulioanzishwa mwaka 2008 ulilenga mitambo ya kuanzia kilowati 100 hadi megawati 10, nasi hatufiki hata kwenye kiwango hicho cha chini. Si uzembe wa mtu yeyote, ni maumbile ya mto: lita 100 za maji kwa sekunde zikianguka kimo cha mita 50 hutoa, baada ya upotevu wa kwenye bomba na mashine, kilowati zipatazo 30 tu. Mfano unaotufaa zaidi ni ule wa Mawengi, Ludewa, ambako watumiaji wenyewe wamejiunga kusimamia umeme wao, na soko lao la kwanza ni vijiji vyao.

Soko hilo la nyumbani ndilo lenye upungufu. Jioni, kati ya saa 1 na saa 4, kila mmoja anawasha na mtambo unaelemewa. Kuanzia usiku wa manane, na kwa saa nyingi za mchana, maji yanapita kwenye mashine na umeme wake unaishia kwenye hita za kidhibiti, zinazomaliza umeme usiotumika, pasipo kumfaa mtu. Mota moja ya kilowati 10 ya mashine ya kusaga inatumia umeme wa kutosha taa 1,000 za wati 10. Hivyo mwenye mashine, seremala na fundi wa kuchomelea, wakifanya kazi mchana, wanachangia matengenezo kuliko mamia ya kaya zenye taa tatu tatu. Kamati inapendekeza bei ya uniti iwe nafuu mchana, na mashine za kusaga zizimwe kuanzia saa 12 jioni. Kila mwenye mota kubwa atatakiwa pia kufunga kifaa cha kuiwasha taratibu, maana mkupuo wa umeme wa kuanzia ndio unaofifisha taa za majirani na kuchosha jenereta.

Kuhusu kupikia, Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo. Hatuwezi kuahidi kila kaya kupika kwa umeme jioni, lakini jiko la presha la umeme, ambalo aghalabu halizidi kilowati moja, linaweza kuivisha maharage ya familia mchana bila kuusumbua mtambo.

Jambo linaloniumiza zaidi ni maji. Huku Nyanda za Juu Kusini mvua hukatika mwezi Aprili au Mei, na kufikia Oktoba kina cha maji kwenye banio, kizuizi kinachoelekeza maji mferejini, hushuka kiasi cha kutulazimisha kugawa umeme kwa zamu. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye vyanzo vya maji, lakini mikaratusi, miti inayonyonya maji mengi, imepandwa hadi ukingoni, na mingine ni ya wanachama wetu wenyewe. Miti hiyo lazima iondolewe, na mahali pake iote miti ya asili. Kuhusu vinyungu, yaani bustani za mabondeni, msimamo wangu ni tofauti. Akina mama wanaolima mabondeni wakati wa kiangazi wanalisha nyumba zao katika miezi ya njaa, na kuwafukuza bila kuwapa mahali pengine ni dhuluma. Kamati imezungumza na Serikali ya Kijiji ili wapewe maeneo nje ya mpaka wa mita 60, na chama kigharamie bomba la kumwagilia.

Mkutano huu unaombwa kuidhinisha bei mpya ya mchana, kutenga akiba ya kununulia beari na mikanda kabla ya masika, na kuchagua walinzi wa chanzo kutoka kila kitongoji. Orodha ya wenye mikaratusi ndani ya mpaka iko mezani kwa katibu, nao wanaombwa kuonana naye kabla ya kuondoka.