Karatasi ya vipengele sita

Rafiki yangu mpendwa,

Hongera kwa kupewa kata kama Afisa Elimu. Umeniuliza kuhusu kuwalea walimu darasani, yaani kuwatazama wakifundisha na kuwasaidia waboreshe, nami nakujibu upesi, usije ukaanza na daftari tupu kama nilivyoanza mimi.

Mwanzoni nilikuwa nikitoka darasani na mambo kumi na moja: sauti, ubao, zana, andalio la somo, yote. Mwalimu anaitikia "sawa Afisa", nikirudi mwezi ujao nakuta yale yale. Sasa ninatembea na karatasi moja ya umahiri tuliyoiandika na walimu wakuu wa kata. Ina vipengele sita, kila kimoja na ngazi tatu za mambo yanayoonekana au kusikika. Hatukuandika "anashirikisha wanafunzi". Tuliandika: "akishauliza, anasubiri, kisha anamtaja hata asiyenyoosha mkono."

Wiki jana nilikaa nyuma Darasa la Pili, kipindi cha kusoma, watoto 82. Nikachora madawati, kila aliyeulizwa nikamwekea nukta. Zikafika 14, zote safu mbili za mbele. Baada ya kipindi tulikaa chini ya mwembe, nikampa mwalimu mchoro bila kusema neno. Aliutazama sana. "Huku nyuma sijafika kabisa," akasema. Akajiweka mwenyewe ngazi ya kwanza, akachagua hicho kimoja akifanyie kazi. Kwenye Jumuiya ya Kujifunza, kile kikao cha walimu cha MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini), mwenzake wa Darasa la Kwanza akamwonyesha kopo lake la vijiti vyenye majina ya watoto, anachomoa kimoja kumpata wa kumuuliza.

Nakuomba sana, karatasi hiyo isigeuke fimbo. Namjua afisa aliyeifanya alama na kuzisoma kikaoni. Walimu wakawa na somo la maonyesho, linatolewa pikipiki yake ikisikika. Wathibiti ubora wa shule wana kazi yao ya kukagua, sisi tuna yetu ya kulea.

Nyuma ya karatasi tumeandika umahiri wa mlezi: kusikiliza, kuuliza kabla ya kushauri, kurudi siku uliyoahidi. Hapo walimu ndio wanaonipima mimi. La kurudi linaniuma. Masika barabara ilikatika, mwalimu mmoja nikamwacha wiki tano peke yake, na alichokuwa amekianza kikafia njiani. Siku hizi kama siwezi kufika napiga simu, mwalimu mkuu anakaa darasani badala yangu.

Nakutumia nakala kwa basi la Ijumaa. Ikatekate, uiandike upya na walimu wako.

Wako,
Mwenzio wa chuo